Najma Shuaibu na Liwa ya Rangi Mbili

Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu waombolezaji, mimi ni Mikdad Shuaibu, kaka wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, nami nitaisoma kama ilivyo, hata pale inaponitia kichefuchefu.

Marehemu Najma Shuaibu alizaliwa hapa Mbegani tarehe 14 Machi 1977, akasoma sekondari Bagamoyo mjini, akahitimu ufamasia Dar es Salaam mwaka 2001, na tarehe 6 Julai 2002 akafunga ndoa na Bwana Haidar Masoud, wakajaliwa binti mmoja, Habiba.

Tangu mwaka 2014 alikuwa maabara akitafuta dawa mpya ya kupaka ya chunusi, itokanayo na mwani wa pwani yetu, kwa kuwa alichoshwa na vijana kumezeshwa antibaiotiki miezi na miezi kwa ajili ya vipele, hadi vijidudu vinazizoea. Kilichomchukiza zaidi kilikuwa humu mwetu, mwali akiwekwa ndani kabla ya harusi, mashangazi wanapasua vidonge vya rangi mbili, antibaiotiki ileile, wanachanganya unga wake na liwa ya msandali, wanampaka uso mzima. Aliwakataza harusi baada ya harusi, wakamcheka, wakasema elimu imemharibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tarehe 4 Agosti 2025 alichanwa mguuni na gamba la chaza akichuma mwani, kidonda kikaoza, akapewa antibaiotiki moja baada ya nyingine na zote zikashindwa, kipimo kikaonyesha vijidudu sugu. Amefariki alfajiri ya leo, tarehe 26, dawa yake ikiwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kujaribiwa kwa watu.

Na leo hii asubuhi, mwili wake unaoshwa chumbani, shangazi mmoja, simtaji, yupo hapa ananisikia, amekutwa uani anapasua rangi mbili kwenye liwa ya Habiba, eti bibi harusi wa mwezi ujao asije akatokwa na chunusi za kilio. Ni kinyaa, ndugu zangu, sina neno jingine. Habiba mwenyewe amekwenda kuimwaga chooni, akasema ataolewa na chunusi zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa maabara walioahidi kuiendeleza kazi yake. Shangazi, wewe tutaongea baada ya maziko.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lala kwa amani, Najma, mwanao hakupakwa.