Mama Dude, Fundi Makochi Aliyetengeneza Mazimwi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotoka karibu na mbali mkaacha shughuli zenu, familia imenituma mimi, mdogo wake niliyemfuata ziwa, nisimame mbele yenu niseme dada yetu alikuwa nani, yeye ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Dude, na kabla sijaanza kusoma shemeji yangu aliyeketi pale mbele ameniagiza jambo moja, kwamba nisimpambe dada kwa sifa asizokuwa nazo, hasa nisije nikasema alikuwa mtu jasiri, kwa sababu hakuwa jasiri, alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote tuliyewahi kuishi naye, na ukiuondoa woga wake maisha yake hayaelezeki.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa akitengeneza breki za mabehewa na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Baba alisafiri na mabehewa yake, mama aliingia zamu za jioni, kwa hiyo tangu akiwa msichana mdogo dada ndiye aliyebaki na sisi wadogo, na chumba kile kilikuwa na stoo ambayo mlango wake haukufunga sawasawa, upepo ukiupiga ulifunguka kidogo, ukasita, ukarudi, na dada aliutazama mlango ule mpaka mama arudi, asithubutu kuupa mgongo hata mara moja. Siku moja sisi wadogo tulipoanza kulia kwa kumwona yeye analia, alichukua kipande cha mkaa akachora ukutani kile alichodhani kimo stoo, akakipa meno, akakipa mkia, akakipa na kitovu, kisha akatuambia, "Haya angalieni, kumbe kinaishia hapa." Baba alimchapa kwa kuchafua ukuta, lakini sisi tulilala fofofo, na baadaye ukubwani alipenda kusema kwamba kitu usichojua kinapoishia ndicho kinachomaliza watu.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akasifiwa kwa kuchora na kwa kushona, akaingia sekondari, ila alipofika kidato cha pili mama aliumia mgongo kwa kubeba mabeseni ya mashuka, mshahara ukabaki wa mtu mmoja, na shangazi yetu, ambaye alikuwa fundi makochi, akasema, "Nipeni huyu mtoto, mikono yake haikai bure." Shangazi alimfundisha kukaza springi, kukata sponji bila kuichana, kuvuta ngozi bandia mpaka isibaki na mkunjo, na mwaka 1986 dada alifungua karakana yake mwenyewe nyuma ya duka la vifaa vya umeme, akawa fundi wa kutegemewa, kochi lililopita mikononi mwake mtu alilirithisha.

Karakana ya jirani ilikuwa ya mchomeleaji vyuma, kijana mrefu asiyependa maneno, ambaye cheche zake zilikuwa zikimtisha dada kwa sababu sponji na gundi ni vitu vya kuwaka kufumba na kufumbua, na dada alikwenda kwake kulalamika mara nyingi kiasi kwamba majirani walianza kuulizana kama kweli ni cheche zinazompeleka, na ndivyo ilivyokuwa, alikwenda kushtaki cheche akarudi na mchumba. Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1989, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, na kijana aliyezaliwa mwaka 1996, ambaye leo ni muuguzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililowaleta wengine wenu hapa. Mwaka 2003 mpiga picha za harusi wa mtaani kwetu alikuwa na kamera iliyokaa bure kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na dada, aliyekuwa amelemewa na mabaki ya ngozi bandia, alishona dude zima lenye magamba, meno ya ndoo zilizopasuka, macho ya tochi mbili, akamvika mumewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye mabega ya kulibeba, akawachukua wateja waliokuwa wakisubiri makochi yao wawe waigizaji, ikawa filamu. Walipoionyesha katika ukumbi wa video wenye mabenchi, dada alijibanza karibu na mlango, na dude lilipotokea kwenye kioo, chini ya magamba zikaonekana raba za shemeji, mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, dude limevaa raba!" ukumbi mzima ukaangua kicheko, na dada akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini karibu na mwisho kulikuwa na kipande kisicho na dude kabisa, kilichopigwa siku ambayo shemeji alikuwa ameitwa kuchomelea geti, ni mlango tu wa stoo unaofunguka kidogo, unasita, unarudi, na hapo ukumbi ulinyamaza kama umemwagiwa maji, muuza nyama, mtu wa miraba minne, akamshika mkono jirani yake asiyemjua hata kwa sura, wala hakuuachia mpaka taa zilipowashwa. Dada alirudi nyumbani, akamwambia mumewe, "Wamecheka, halafu wameogopa, hata sijui wamenipenda au wamenidharau." Shemeji akamuuliza kama wamesema watarudi, dada akasema ndiyo, shemeji akasema, "Basi tafuta viatu vya dude."

Tangu hapo alitengeneza filamu karibu kila mwaka, na kila moja iliwagawa watu vilevile. Mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa alisema mbele ya watu, "Hizi si filamu, ni makochi yanayotembea," na dada, badala ya kununa, aliyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa kwenye tangazo la filamu iliyofuata, ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wapo waliokuja kuogopa, wapo waliokuja kuzomea, na wapo wengi, dada alikuwa akiwahesabu kwa macho tu, waliokuja kuzomea kisha wakaondoka wawili wawili wakiwa wameshikana. Mama mmoja alimvamia karakanani akamwambia, "Mimi nilicheka mpaka nikalia, mwanangu hajalala tangu siku ile, hebu niambie ulikusudia lipi?" Dada akamjibu kwa sauti ndogo kwamba alikusudia yote mawili, kisha akashindwa kula siku nzima, maana hata nyumbani kwake kijana wake mwenyewe alikuwa hapiti sebuleni kwa sababu dude lilikuwa likihifadhiwa pale, na dada kwa kumhurumia akalifunika shuka, jambo lililoongeza hofu, kwa kuwa sasa mtoto hakujua limekaa mkao gani.

Tarehe 6 Agosti 2011 walikuwa wakipiga filamu katika bwawa la kuogelea la shule iliyofungwa, maji ya kiunoni, ya kijani, na dude la safari hiyo lilikuwa limeshonwa kwa sponji nene kuliko yote yaliyotangulia ili lionekane limevimba, na hakuna aliyefikiri, wala dada mwenyewe aliyekuwa akikata sponji kila siku ya maisha yake, kwamba sponji ikilowa inakuwa jiwe. Shemeji alizama hatua ya kwanza, akasimama, akazama tena, mikono ikaanza kupiga maji, na watu wote ukingoni wakapiga makofi, mpiga picha akapaza sauti, "Hapo hapo kaka, leo umeiva!" binti yao naye, aliyekuwa ameshika taa, alikuwa akicheka. Dada peke yake hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba yeye alikuwa akiogopa tangu asubuhi, kama alivyoogopa kila asubuhi, kwa hiyo hakuhitaji muda wa kuanza kuogopa, na wakati wengine bado wanashangilia, yeye ambaye hakujua kuogelea, ambaye hata beseni la kufulia alilisogelea kwa adabu, alikuwa ameshajitupa majini na mkasi wake wa kukatia ngozi, akapapasa zipu ya mgongoni akaikuta imeng'ang'ana, akaikata shingo ya dude huku akimeza maji na kupiga mayowe ambayo watu walidhani nayo ni maigizo, mpaka kichwa kile chenye meno kilipong'oka na uso wa mumewe ukatokea, wa bluu, macho yamegeuka. Ndipo wote walipoingia majini. Walimlaza ukingoni, wakamkamua kifua, akatapika, akavuta pumzi yenye sauti ya msumeno, na tangu siku ile sauti yake haikurudi kama zamani, mnaomjua mnaijua.

Kamera ilikuwa haijazimwa. Habari zilienea, na mfanyabiashara wa kanda na diski akaja karakanani akamwambia dada, "Mama, hicho kipande ndicho watu wanachokitaka, humo hakuna raba." Dada alikataa, kisha akajifungia na kukitazama, na alipotoka alikuwa kama mtu aliyeona maiti, akanipigia simu niende, nikaenda, akaniambia hajatishwa na kumwona mumewe akizama, kwa sababu hilo alikuwa ameshaliona, ametishwa na kwamba alipokuwa akitazama, kuna sehemu ndani yake iliyosema, hiki ni kizuri, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote. "Mdogo wangu," akasema, "hilo dude sijui linapoishia." Alimweleza na mumewe, hakumficha kitu, na shemeji kwa sauti yake mpya iliyokwaruza akamjibu, "Ukikitumia sitakulaumu, ila usiniite kuja kukitazama." Siku ya pili dada alikifuta mbele ya binti yake na mpiga picha, mpiga picha akanuna akaacha kazi, na karakana ikarudi kushona makochi tu kwa zaidi ya miaka miwili.

Aliporudi kwenye filamu, mwaka 2014, binti yake ndiye aliyeshika kamera, bwawa lilikuwa kavu, maji yalikuwa nailoni ya bluu inayotikiswa na wanawake wanne kutoka pembeni, na mkono wa mmoja wao ulionekana wazi, watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wapo waliosema Mama Dude amekwisha, na wapo walioshindwa kueleza kwa nini, baada ya kucheka kiasi hicho, hawakutaka kupita karibu na bwawa lolote. Dada alikaa katikati ya watu siku hiyo, hakujibanza mlangoni tena, na kwa mara ya kwanza tulimwona akiwatazama watazamaji tu, hakukitazama kioo.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa kikohozi kisichosikia dawa, madaktari wakatuonyesha picha za mapafu yaliyokauka kwa vumbi la sponji na moshi wa gundi wa miaka arobaini, wakatuambia kwamba hayatarudi, na kuanzia hapo pumzi yake ilipungua kidogo kidogo, kwanza zikamshinda ngazi, kisha maneno marefu, kisha kulala chali. Nisiwafiche, waombolezaji, aliogopa, na aliogopa kwa namna iliyotuumiza, alikuwa akishika ukingo wa kitanda kama mtu anayeteleza, akiuliza nani yupo, na hata tukimtajia wote waliopo alitaka mmoja mmoja aitike mwenyewe. Kijana wake muuguzi, yule aliyekuwa hapiti sebuleni, ndiye aliyemshika zaidi, akimweleza kila mpira na kila sindano inakwenda wapi na inaishia wapi, kwa kuwa alijua mama yake anahitaji kujua hivyo. Kiongozi wa dini alipokuja kumwombea akamwambia kwa upole, "Usiogope, mama," dada akakusanya pumzi akamjibu, "Baba, nisipoogopa leo nitaogopa lini? Wewe vuta kiti, ukae." Akakaa. Tulikaa naye wote kwa zamu, na Jumatatu asubuhi, tarehe 9 ya mwezi huu, mumewe akiwa amemshika mkono, alivuta pumzi, akasubiri, hakuvuta nyingine. Hakufa bila woga. Alikufa akiwa ameshikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua ambao hawakumdanganya, inawashukuru majirani waliovumilia mayowe ya mazoezi kutoka uani kwetu kwa miaka ishirini na wakaita polisi mara moja tu, inawashukuru mafundi wenzake wa makochi waliomalizia kazi za wateja alipolazwa, waigizaji wake wote, waliokufa mara nyingi mikononi mwa shemeji na leo wapo hapa wazima, walioziogopa filamu zake, na waliozicheka pia, kwa kuwa alituambia kicheko chao kilimsaidia kulala.

Mwisho, watoto wamenituma niseme jambo ambalo wao wameshindwa kulisema. Tunaiogopa kesho, wageni mtakapokuwa mmeondoka, viti vimerudishwa, na ile nyumba imenyamaza, kwa hiyo tunawaomba, mkianza kuaga, msiondoke wote kwa mpigo.

Lala, dada, upumzike, amani ikushike mkono.