Mdomo wa Boadu

Benchi la Mallam Issaka, muuza kahawa, liko nyuma ya stendi, mkabala na nyumba ya chifu, na asubuhi ile lilikuwa limegeuka chuo kikuu kisicho na ada. Ningejua kipo, nisingepoteza miaka minne kwenye kile chenye ada. Boadu alikuwa amevaa tai. Boadu! Mtu wa nyanya! Anataka kujenga chumba cha baridi ili nyanya za akina mama wa sokoni zisioze. Kiwanja ni cha chifu, ambaye sisi tunamwita Nana, na leo ndiyo siku ya kwenda kukiomba mbele yake na wazee wake. Akiharibu, kuna tajiri wa Kumasi anakitaka ajenge baa. Chupa mbili za pombe kali ya jini, za kumpa Nana kwa heshima, zilikuwa miguuni pake, na kila alipoinua kikombe kahawa ikawa inainywesha tai.

— Sauti, mwanangu! alifoka Spika, anayeuza dawa za minyoo ndani ya mabasi. Mimi nikipanda basi siombi samahani. Naanza na kelele. Hata asiye na minyoo anashika tumbo.

— Nana hana minyoo, kaka, Boadu akanong'ona.

— Umempima?

— Weka chini hiyo kahawa! akadakia Mheshimiwa, aliyegombea udiwani mara mbili na kupigiwa kura na mkewe, tena ile mara ya kwanza tu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nenda na njaa, sauti ivume.

— Hiyo methali inakusema wewe, Mheshimiwa, nikamwambia.

— Nyamaza, Digrii. Boadu, ukifika katikati, acha kuongea kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi kwenye kampeni nilinyamaza, wakalala wote. Aliyelala hapingi!

— Na mazoezi je? akauliza Spika. Si nilikwambia jana ukawahutubie mbuzi?

— Niliwahutubia.

— Wakabaki wangapi?

— Mmoja. Alikuwa amefungwa kamba.

— Umeona? Tayari una mteja! Sasa macho: mkazie Nana, usipepese. Nimemwona mzungu kwenye simu, anatembea jukwaani, mkono wa kulia mfukoni, wa kushoto anapunga. Watu wanalia machozi!

— Mpungie Nana wa kushoto, nikasema, uone kama hutatozwa faini ya kondoo kabla hujataja nyanya. Kujiamini, kujiamini! Nchi nzima inafundishwa kuongea, wa kuajiri hakuna. Mimi hapa nina digrii ya mawasiliano, first class, na kazi yangu ni kulikalia hili benchi lisiibwe.

— Agoo! sauti ikabisha hodi nyuma yetu.

— Amee, tukaitikia.

Alikuwa mama mmoja wa nyumbani kwa chifu, hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu.

— Mwenye nyanya ni nani?

Boadu akasimama, tai inachuruzika.

— Nana ameshakaa. Msemaji wako yuko wapi?

— Msemaji?

— Kwani unataka kumsemesha Nana kwa mdomo wako, kama unamwita muuza karanga? Yeye ana wake, na wewe uje na wako. Nani anakusemea?

Kimya. Kingi, na mshindo hakuna. Sote tumezaliwa mji huu, sote tunajua mtu haongei na Nana mwenyewe, na tangu alfajiri hakuna aliyekumbuka. Spika akaanza kupanga dawa zake. Mheshimiwa akainama chini ya benchi, utadhani anatafuta kura zake.

Boadu akavua tai, polepole, akanigeukia.

— Digrii, si umesema mawasiliano?

Nikainua kikombe ili nipate pa kuficha uso. Kitupu.

— Mallam, ongeza kahawa!

— Imeisha, akasema Mallam, na birika nililiona linafuka moshi.

Tai ikaniingia shingoni, ya baridi, yenye harufu ya kahawa. Mama akatangulia. Tukavuka barabara, chupa moja mkononi kwa Boadu, nyingine kwangu. Mlangoni nikamvuta Boadu shati.

— Sikia, yule mbuzi wa kamba... bado amefungwa?