Nyumba Yenye Dirisha la Ziwa

Bwana apewe sifa, ninyi wote mulioketi na muliosimama kule nyuma! Mimi ni Neema, mushonaji wa Kadutu. Namushukuru Mungu juu ya nyumba ambayo sikuinunua.

Ndugu zangu, vita ilipotutoa Kamanyola, mimi na maman tulilala miezi mingi kwenye salon ya tonton, ndani ya sebule ya mujomba wangu. Nilikuwa naota nyumba yetu kila siku. Hata rido, pazia ya dirisha, nilikuwa nimeisha kushona. Nikatafuta komisionere, wale watu wa kuuzisha manyumba. Wakaja wawili.

Wa kwanza, papa wa viatu vya kung'aa, alinionyesha nyumba yenye dirisha linaloangalia ziwa. Avansi, pesa ya kutanguliza, kidogo tu, yenye kubaki patron wake atanikopesha, mradi nisaini leo, sisi wawili peke yetu. Wa pili, Maman Chantal, alikuwa na vyumba viwili vya mbao kule juu, ukifika unahema. Avansi yake mara mbili, mukopo wa miezi michache, na tena alitaka majirani wote wasaini. Nilimucheka. Moyo wangu ulikuwa kwenye dirisha.

Maman alinikataza kusaini mbele majirani hawajakunywa sukre zetu, zile soda za ushahidi, sawa vile desturi. Nikanung'unika, nikabeba kreti ya chupa kichwani mpaka kwenye nyumba ya ziwa. Yule komisionere alipoona chupa, akakumbuka ana kazi mahali pengine. Muzee wa jirani alikataa kunywa. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikajibu, Kamanyola.

"Na nyumba yenu ya kule," akasema, "nani anaiuza leo?"

Akanieleza: mwenye nyumba hii alikimbilia Katana na watoto. Hajauza. Anangoja vita itulie.

Ndugu zangu, nilikaa juu ya ile kreti nikalia. Nilikuwa namuomba Mungu anipe nyumba ya mukimbizi mwenzangu!

Nikarudi kwa Maman Chantal na haya zangu. Alisema tu, "Leta hizo sukre, mutoto wangu, zisipate moto." Majirani wakanywa, wakasaini. Mukopo tulimaliza, cherehani yangu ni shahidi. Mvua ikinyesha tunahamisha kitanda, lakini ni kitanda chetu, ndani ya kwetu!

Kisha yule mwenye nyumba ya ziwa akarudi kutoka Katana. Nilikuwa napita pale na vitambaa vyangu nikamuona anatoa ufunguo mufukoni. Mulango ukafunguka. Nikakimbia kumuletea ile rido yangu. Iliingia kwenye dirisha sawasawa.

Wewe mwenye ungali unalala kwenye salon ya watu, mutumainie Mungu, hata siku anakukatalia. Mimi alinikatalia, na ninasema asante.