Baba Tusa na Sifuri ya Namanyere

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Lutengano Mwakibete, fundi mkuu wa mitambo wa Redio Tambarare, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na minane. Wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina hilo refu. Kwetu ni Baba Tusa, kwa heshima ya binti yake mkubwa, Tusajigwe.

Alifika Sumbawanga mwaka 1997 akitokea Tukuyu, redio ikiwa na chumba kimoja na mtambo uliopata homa kila mvua iliponyesha. Yeye ndiye aliyesimamisha mnara wetu wa Laela, kisha akafungua studio ndogo ya Namanyere. Kifipa alijifunzia sokoni kwa akina mama, na mpaka leo anakizungumza kwa lafudhi ya Kinyakyusa inayowavunja mbavu wauza ulezi. Siku moja, akikaza nyaya Laela, aliimba wimbo wa kanisani bila kujua kuwa kipaza sauti cha majaribio kiko wazi. Wimbo wote ukaenda hewani. Wasikilizaji walipiga simu hadi jioni wakimwomba mtangazaji amrudishe yule mwimbaji mpya.

Lakini nikiambiwa nichague jambo moja la kumweleza Baba Tusa kwa asiyemjua, nitachagua Jumatatu moja ya mwaka 2019.

Kwanza nieleze kidogo. Kila kifaa cha mtandao huhesabu data zinazoingia, zinazotoka na zilizoharibika njiani. Namba hizo hupanda tu. Pale ofisini tuna programu inayozisoma kila baada ya muda, inatoa ya zamani kwenye mpya, halafu inachora grafu. Mfumo endeshi wa vifaa vyetu ulimruhusu fundi kuzirudisha namba hizo sifuri kwa amri moja, na Baba Tusa aliipenda sana amri hiyo. Alisema inampa meza safi ya kufanyia kazi.

Jumapili, siku moja kabla ya hiyo Jumatatu, misa tuliyoirusha kutoka Namanyere ilikatikakatika tangu mwanzo. Akiwa hapa mjini, Baba Tusa aliingia kwenye kifaa cha kule, akarudisha hesabu sifuri, akaona makosa yanapanda upya. Akajua kuna kiungo cha waya kilichoingia maji. Asubuhi ya Jumatatu akapakia vifaa, akaondoka kwenda Namanyere.

Alipofika alimkuta mtangazaji wetu, Valerian, anaweka nguo zake kwenye begi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, mzee. Bosi amepiga simu, nimesimamishwa. Anasema grafu inaonyesha nimekula laini nzima kwa kupakua filamu wakati wa misa."

"Umepakua?"

Valerian alikaa kwenye kiti. "Mama yangu hawezi tena kutembea mpaka kanisani. Misa anaisikilizia kwenye redio hii hii. Ningeikataje, Baba Tusa?"

Baba Tusa aliomba atumiwe hiyo grafu kwenye simu. Katikati ya saa ya misa kulikuwa na mlima mrefu kuliko uwezo wa laini yenyewe. Akaelewa. Programu ilipokuta namba imeshuka ghafla, ilidhani kihesabu kimejaa na kuanza upya, kama mita ya gari kuukuu, ikajaza pengo kwa data ambazo hazikuwahi kupita. Valerian anasema mzee alivua kofia.

"Huo mlima ni wangu," alisema. "Toa nguo kwenye begi. Nikimaliza kufunga huu waya tunakwenda wote mjini."

Nilikuwepo kwenye ofisi ya mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Adolfu, walipoingia. Baba Tusa hakuketi.

"Bosi, huyu hana kosa. Hesabu nilizirudisha sifuri mimi, programu ikachanganyikiwa. Kama kuna wa kusimamishwa, nipo hapa."

Bwana Adolfu aliitazama ile grafu, akamtazama Valerian. "Kwani kuzifuta inaruhusiwa?"

"Mfumo unaruhusu. Hapo ndipo penye shida."

Bwana Adolfu alisimama akampa Valerian mkono, akamwomba radhi mbele yetu sote. Hilo nalo naliandika, maana si wakubwa wote wangeliweza. Baba Tusa alipewa karipio na akalipokea. Jumapili iliyofuata alikwenda Namanyere kwa nauli yake, akasikiliza misa nyumbani kwa mama yake Valerian, redio ikiwa katikati yao.

Tangu hapo akageuka. Aliifunga amri ile kwenye vifaa vyote, akawa anamweleza kila fundi aliyekutana naye kwamba mfumo endeshi haupaswi kabisa kuruhusu jambo hilo: namba inasomwa na wengi, mtu mmoja hana haki ya kuifuta. Wengi walimwitikia. Sharon, fundi wetu kutoka Laela, hakumwitikia.

"Shikamoo Baba Tusa, lakini hapana," alimwambia. "Nimebadilisha waya, nataka kuona kama makosa yameisha. Namba iliyolimbikizwa mwaka mzima itanisaidia nini?"

"Andika ya sasa, subiri, soma tena, utoe."

"Nikiwa juu ya mnara na upepo huu wa Ufipa? Kalamu nishike kwa meno?"

Tulicheka sote isipokuwa Baba Tusa. Siku kadhaa alinuna, au tulidhani amenuna. Kumbe alikuwa anaandika programu ndogo ya simu: fundi anabonyeza, simu inakumbuka namba ya wakati ule na kumwonyesha zilizoongezeka tu, huku hesabu yenyewe haijaguswa. Kila mtu ana sifuri yake, na hakuna anayemchorea mwenzake mlima. Sharon anaitumia kila siku. Bado anashikilia kwamba mwenye kifaa aruhusiwe kufuta akitaka, na wiki iliyopita, kwenye chai, niliwasikia wanabishana tena.

Kamati ya sherehe ya kumuaga ilikuwa imekodi lori la kumhamishia mizigo Tukuyu. Lwitiko wa utawala alipompelekea habari, Baba Tusa alishangaa kweli. "Tukuyu kufanya nini? Mimi na mke wangu tumejenga hapa hapa Sumbawanga, Kasense. Mahindi yangu mnayaona mkipita."

Lori limerudishwa. Asante kwa kazi yako, Baba Tusa, na kwa ile safari ya Jumatatu. Mungu akupe afya, mvua nzuri na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Uishi vyema, jirani.

Asnath, Idara ya Vipindi