Baiskeli ya Kumfuatia Swafiya

Pale Biryogo, mtaa wa Kigali, mbele ya duka la Twahiru fundi cherehani, palikuwa na benchi ambalo halikukosa watu. Mzee Kalisa alikuwa akifika na birika lake la kahawa baada ya sala ya alasiri, akawakuta wenye benchi wameshajipanga, maana watu wale kwa kuwahi hawakuwa na mpinzani, isipokuwa kazini. Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sitini, Ramadhani ikiwa inakaribia, benchi lilikuwa na kesi moja tu: ni baiskeli gani itamfikisha Twahiru Rwamagana bila kumvunja mgongo.

Kesi ilianzia kwenye harusi. Swafiya, mkewe Twahiru, alitaka waende wote Rwamagana kwenye harusi ya mdogo wake. Twahiru akasema ana nguo za watu. Swafiya akapanda lori peke yake, harusi ikaisha, wageni wakarudi, yeye asirudi. Twahiru kwa akili zake akamtuma kaka yake na kitenge kizuri na mfuko wa sukari. Sasa, mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa sukari. Anafuatwa na mume mwenyewe, aje akae mbele ya wakwe asikilize anayoambiwa. Kitenge kilirudi kimekunjwa vilevile, pamoja na ujumbe wa baba mkwe: aje mwenyewe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, asipokuja watajua binti yao ameachwa.

Twahiru alimpenda mkewe, na ujumbe ule ulimtia hofu hadi akawa anashona mikono ya shati mahali pa kola. Lakini gari hakuliweza. Akipanda gari hutapika kabla ya kufika Kanombe, na mtaa mzima ulilijua hilo. Baiskeli aliiendesha tangu utotoni, ila miaka ya kuinama juu ya cherehani ilikuwa imeuchosha mgongo wake, na njia ya Rwamagana ni ndefu, vumbi na vilima mwanzo hadi mwisho. Alitaka basi baiskeli ya kukaa raha. Kosa lake ni moja: aliliambia benchi.

Siku moja baiskeli mbili zilikuwa zimeegeshwa dukani azijaribu. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, nyembamba, ya mashindano, usukani umepindia chini kama pembe za ng'ombe aliyekasirika. Hiyo ililetwa na Habimana, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege wa Kanombe, ambaye benchi lilimwita Rubani. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, yenye kiti kipana cha ngozi na springi chini yake. Ilikuwa ya marehemu Munyaneza, na mjane wake, Mukagasana, alikuwa anaiuza. Hiyo ililetwa na Bizimana, aliyewahi kufagia wodi katika hospitali ya askari ya hukohuko Kanombe, na kwa sababu hiyo akaitwa Daktari.

Rubani alianza kwa utaratibu. Alieleza kwamba ukiinama, upepo unakupita juu, na kwamba tairi jembamba linagusa mawe machache. Daktari akajibu kwamba mawe machache hayo yote yanaingia mwilini, wakati springi zinayameza. Rubani akasema springi zinameza na kutapika. Kufikia kikombe cha pili, sayansi ilikuwa imeshawaacha nyuma.

— Mimi naona ndege kila siku, alisema Rubani. Mbele yake iko inaangalia wapi? Mbele. Hakuna ndege inakaa wima kama mama anachambua mchele. Twahiru akiinama vizuri, akifika kule bondeni Rugende, igare hii ya Mzungu itakuwa inanyanyuka kidogo.

— Itanyanyuka na figo yake, alisema Daktari. Mtu akiinama muda mrefu, figo inateremka inaenda kwa kifua. Nimeona Kanombe. Askari mmoja walimsikiliza moyo, wakasikia figo.

— Uliiona wewe?

— Nilikuwa nafagia palepale.

Mzee Kalisa, aliyekuwa akimimina, aliuliza kwa upole kama figo husikika. Daktari alihamia upande wa adabu: mtu aliyeendesha huku ameinama kutoka Kigali atafika kwa wakwe mgongo umepinda, wamwone anaomba hata kabla hajasalimu.

— Hiyo ndiyo mzuri, alisema Rubani. Mwenye kufika ameinama anasamehewa haraka. Wewe unataka afike wima, kama mtu anakuja kudai?

Twahiru alizijaribu zote mbili kwa zamu, akipanda hadi msikitini na kurudi, na kila aliporudi aliulizwa habari za kiuno, shingo, viganja na makalio, akajibu kimoja kimoja kama mgonjwa. Baiskeli ya Mzungu ilimchoma shingo. Ile nyeusi ilimpa raha ya kukaa, lakini mlimani alihisi anasukuma nyumba. Akaona aseme siri yake. Akaingia ndani, akatoka na suruali mpya aliyoishona kwa ajili ya safari: nyuma ilikuwa na tabaka mbili za kitambaa zilizojazwa sufi, zimepitishwa uzi wa mraba mraba, kazi safi kabisa.

Benchi liliipokea suruali ile kwa heshima. Rubani aliibonyeza kwa kidole, Daktari akaipima kwa kiganja, na wote wakakubaliana kwamba kwa mara ya kwanza mtu amefikiri. Ugomvi ukarudi kuwa sufi hiyo inafaa kiti cha nani.

Ndipo akaja Nyiransabimana, mama muuza karanga, kuchukua gauni lake alilolipeleka kupunguzwa. Hakuwa mtu wa benchi. Aliangalia suruali, akaangalia baiskeli, akauliza nani anasafiri. Wakamweleza wote kwa pamoja, na kila mmoja akampa upande wake wa kesi, hadi figo.

Mama alisubiri wamalize.

— Kwa hiyo baba unaenda kumrudisha mke?

— Ndiyo, mama, alisema Twahiru.

— Na wakati wa kurudi, yeye atakaa wapi?

Mzee Kalisa aliacha kumimina. Macho yote yalikwenda kwenye baiskeli ya Mzungu, ambayo nyuma haikuwa na kitu ila gurudumu. Rubani alianza kusema habari ya bomba la katikati, kisha akaona bora anywe kahawa yake. Twahiru aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Siku zote zile alikuwa amejiona njiani akienda, akiwa peke yake, akihesabu vilima. Hakuwahi hata mara moja kujiona akirudi.

Daktari ndiye aliyezinduka. Alipiga kofi keria ya ile baiskeli nyeusi, chuma kitupu, akatangaza kwamba imebeba magunia ya mahindi tangu uhai wa marehemu. Mama akasema gunia halina nyonga.

Hilo Twahiru aliliweza. Alichukua mkasi, akaifumua suruali yake ile palepale mbele ya watu, akatoa sufi yote, akaanza kukata mto wa keria. Mikono yake ilitulia kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ufike. Mama alikaa kumwangalia, maana kazi nzuri haichoshi kuiangalia.

— Upande wa kuegemea mapaja uwe mnene, alimwambia. Mwanamke anakaa kiubavu. Mke wako anapenda kuelekea kushoto ao kulia?

Twahiru alijua upana wa mabega ya Swafiya, alijua kiuno chake kabla ya kila mtoto na baada yake, alijua kwamba bega lake moja limeshuka kidogo na kwamba nguo zake zote lazima zikatwe hivyo. Akawageukia wenzake, nao wakaangalia vikombe vyao, kwani kati yao hakuna aliyewahi kumwona Swafiya amepakiwa popote.

— Sijui, alisema. Sijawahi kumbeba.

— Basi kamuulize.

Mama alichukua gauni lake akaenda. Alfajiri ya kesho yake Twahiru alipita mbele ya benchi tupu juu ya baiskeli nyeusi, amevaa suruali yake ya kawaida. Mto ulikuwa umefungwa kwenye keria, upande mmoja ameuacha wazi bila kushona, na sindano yenye uzi ameichomeka kwenye kola ya shati.