Diploma Isiyotangazwa Redioni

Mama aliyepanda basi letu pale Sange alikuwa na kichwa cheupe kwa poda, ile tunayowamwagia watoto wakifaulu mtihani wa serikali. Lakini matokeo ya mtihani huo yalikuwa bado hayajasomwa redioni. Mfugaji mmoja wa milima ya juu, kofia magotini, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha. "Mama, hiyo poda ni ya nini?"

"Ni ya mutoto wangu Yasmine, kwetu Mulongwe. Iko na diplome ya kimataifa sasa, na aliisomea kwa lisee ya Leta, shule ya serikali, si kwa masomo ya watajiri. Mutihani walisahihisha mbali, majibu ikakuja kwa telefone. Kanada wanaijua, Kenya wanaijua."

"Ni jambo kubwa sana, mama. Lakini haikupita kwa redio. Kule kwenu Mulongwe, nani anaijua?"

"Hakuna muntu. Ndiyo maana minye nilijimwangia poda, ili waniulize."

Mzee mfugaji akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ameridhika, kumbe wapi. "Redio ingepashwa kuisema," alirudia basi liliposimama Mulongwe. Kisha akainamisha kichwa. "Unimwangie na minye kidogo. Kwa soko ya ng'ombe pia wataniuliza."