Munyemana Christophe-Aimé na Bunduki Arobaini za Mbao

Ndugu, majirani wa Nkanka, wageni wetu wa Gitambi na Nzahaha, na nyinyi mliovuka mpaka kutoka Bukavu asubuhi ya leo, mimi ni Muhigirwa, mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa ndimi niliyebaki peke yangu kati ya watoto wa mama yetu, si kwa kuwa ninastahili, na ninaomba mnivumilie hadi mstari wa mwisho, maana ukurasa wa pili hakuna aliyeuona isipokuwa mimi niliyeuandika.

Marehemu Munyemana Christophe-Aimé alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Kadutu, Bukavu, wazazi wetu wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, akiwa wa tatu kati ya batoto batano, mimi nikazaliwa wa mwisho miaka minane baada yake, na tangu nijue kusema nilimuita yaya, yaani kaka mkubwa, sikuwahi kumuita jina lingine.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kadutu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akasoma sekondari miaka miwili, akaacha Julai 1982 baba alipofariki, akaingia katika ateliye, karakana ya Mzee Mulume, seremala wa kabila la Bashi mwenye mkono mzito na maneno machache, ambaye alimfundisha kwamba mpini wa jembe huchongwa kwa kufuata mshipa wa mti toka kichwa hadi mkia, ukiukata mshipa utamvunjikia mama wa watu shambani, na kwamba kila kazi fundi aitie alama yake, ili mwenye kulalamika ajue mlango wa kubisha. Alama ya yaya ilikuwa mikato mitatu midogo karibu na mwisho wa mbao, na mkono wake uliizoea hata akawa anaikata huku anaongea na mteja.

Januari 1996 tulirudi Rwanda, tukakaa hapa Nkanka, akafungua ateliye yake kando ya barabara, na Jumamosi tarehe 16 Agosti 1997 alifunga ndoa na Patricie, shemeji yangu mliye naye hapo mbele, wakajaliwa batoto batatu, Gad mwaka 1998, Clarisse mwaka 2001 na Dative mwaka 2006. Aliimba sauti ya chini katika korali ya kanisa letu miaka kumi na tisa, na mipini yake ililima Rusizi yote, hilo hakuna wa kulikana hapa, labda awe anakula mawe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuja kusikia tutalisema vipi. Mwezi Juni 2022 watu wa filamu ya vita walikuja Nzahaha, wakaleta bunduki sita za kweli chini ya ulinzi, za kutoa moto na moshi bila risasi, hizo za waigizaji wanaoonwa karibu, wakaleta za mpira za wale wanaoanguka chini, na kwa askari wa mistari ya nyuma wakatafuta seremala wa kuwachongea arobaini za mbao. Walipompata yaya, Mzee Bruno wa korali alisema muntu wa kumsifu Mungu hachongi bunduki, na Jumapili tarehe 12 Juni yaya alisimama mbele ya kanisa, mbele yenu nyinyi nyinyi, akasema, “Ni mbao tu, nitazichonga kwa mti mnyoofu, filamu ikiisha zote arobaini zitarudi kuwa mipini, hata moja haitabaki.” Mlimpigia makofi.

Na kweli alizichonga hivyo, kila bunduki akiipima kwanza urefu wa mpini, mshipa wa mkaratusi ukipita umenyooka toka kitako hadi mdomo, kisha kwenye kitako, kwa mazoea ya mkono tu, akakata mikato yake mitatu. Mzungu msimamizi wa silaha alicheka, akasema rangi itaifunika. Haikuifunika.

Upigaji wa filamu ulikwisha Ijumaa tarehe 22 Julai 2022, yaya akiwa Gitambi kwenye msiba wa baba mkwe wake, na zilirudi thelathini na tisa, akaambiwa ya arobaini ilivunjika na wapishi waliichoma jikoni. Alinung'unika siku mbili, akaamini, akazichonga zile thelathini na tisa kuwa mipini, akawagawia akina mama wa kanisa.

Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022, kwenye njia ya Nzahaha, wanyang'anyi waliwasimamisha wafanyabiashara waliotoka sokoni, Maman Micheline wa Bukavu alipoona mdomo wa bunduki alirudi nyuma akaangukia mtaroni, nyonga ikavunjika, watu wakapiga kelele, wezi wakakimbia na mizigo, bunduki ikabaki njiani. Ilipookotwa ilikuwa ya mbao, na kwenye kitako ilikuwa na mikato mitatu.

Yaya alishikwa kesho yake, akakaa ndani siku ishirini na tatu, akaachiwa Alhamisi tarehe 27 Oktoba bila kosa lolote kuonekana kwake, lakini aka, wapi, nani kati yenu alingoja kuona kosa! Kwenye korali nafasi yake ilijazwa kabla hajarudi, mipini mkaanza kununua Kamembe, na mmoja wenu, sitamtaja, alikwangua ile mikato mitatu kwa tupa, halafu akaleta mpini huohuo kwa yaya amkazie jembe. Yaya alilikaza, akamrudishia kwa mikono miwili.

Filamu yenyewe tuliiona Kamembe mwaka jana, mimi na yeye, saa mbili nzima tukiwa tumekaa. Bunduki za yaya zinapita nyuma ya moshi kwa muda wa kukohoa mara moja, hazionekani hata kama ni bunduki, wangeweza kuwapa wale watu miwa. 

Tangu pale presha ilimpanda, Jumapili tarehe 9 Machi 2025 alianguka ateliyeni, upande wa kulia ukafa, na Alhamisi tarehe 13 Machi saa nne asubuhi alifariki hospitalini, akiwa na miaka hamsini na saba na siku moja.

Hapo ndipo karatasi ya familia inaishia, na hapa inaanza yangu.

Kazi ya kuhesabu zile bunduki ilikuwa yangu mimi Muhigirwa. Yaya alikuwa amepigilia misumari arobaini ukutani huko Nzahaha, kila jioni kila bunduki kwenye msumari wake, mimi ninaandika na kutia sahihi, na ile jioni ya mwisho Bashige, rafiki yangu wa kunywa naye, aliyeigiza askari wa nyuma, aliniomba abaki na yake hadi Jumatatu akapige nayo picha. Aliniambia, “Ni mbao tu, unaogopa nini?” Niliangalia msumari mtupu nikaandika arobaini. Jumatatu Bashige hakuonekana, hadi leo hajaonekana, na habari ya wapishi na jiko niliitunga mimi.

Yaya alipotoka ndani nilikwenda kumpokea, tukatembea, nikamuona anavyoniangalia, nikajua amejua, maana misumari ilikuwa na mlinzi mmoja. Nilifungua kinywa. Akanikata, akasema, “Uko na batoto badogo, nyamaza, mimi wangu bamekomaa.” Na mimi nikakubali, Mungu wangu, nilikubali haraka, nikala mezani kwake miaka miwili na nusu, nikisikia mnamuita mtengeneza silaha za wezi, nikitafuna. Maman Patricie, shemeji, unalisikia leo pamoja na watu wote, na sina njia ya kukuomba msamaha ambayo haitakutukana.

Kwa hiyo majirani, ukali niliousoma juu yenu mwanzoni niliuandika nikijua unanistahili mimi kwanza. Nyinyi mlimhukumu bila kujua. Mimi nilijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea wodi ikiwa imejaa, inawashukuru maseremala wenzake waliochonga jeneza bila kuitwa, inawashukuru majirani kwa viti na kwa hema, na inamshukuru Maman Micheline, aliyevunjwa nyonga na bado akawa peke yake kumletea yaya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila mwisho wa mwezi, akisema mkono uliochonga mpini wa mama yake hauwezi kumtuma mwizi.

Ile bunduki ya arobaini tulirudishiwa Agosti 2023. Yaya aliiweka juu ya dari hakuigusa tena, na Patricie alipomuuliza kwa nini asiichonge mpini yaishe, alijibu, “Hii ataichonga aliyeipoteza.” Shemeji alidhani anasema wezi. Jana mchana niliishusha, nikakaa kwenye benchi lake, nikaichonga, mimi ambaye si fundi, na mshipa ulikuwa umenyooka toka kichwa hadi mkia kama alivyowaahidi, na mikato mitatu nimeiacha.

Mpini ni huu, nimeutia jembe. Nitamfukia nao, kisha nitauweka mikononi mwa Maman Micheline, na anayetaka kunipeleka kwa wakubwa atanikuta nimesimama hapahapa kaburini, sivuki kwenda popote.

Pumzika kwa amani, yaya. Zimerudi zote arobaini.